Weka mbali na watoto: uhakiki wa maneno manne

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo huenda imechapishwa mara nyingi kuliko riwaya zetu zote zikijumlishwa, na sijaona mtu aliyeihakiki. Ina maneno manne: Weka mbali na watoto. Iko kwenye boksi la dawa ya kikohozi, kwenye chupa ya parasetamoli ya maji, kwenye kikopo cha dawa ya kuchua, mara nyingi kwa herufi ndogo chini kabisa, jirani na tarehe ya kuisha muda. Leo naomba tuisome kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote. Inamwambia nani? Inamtaka afanye nini hasa? Na je, kazi iliyotumwa inaifanya?

Tuanze na sarufi. "Weka" ni amri isiyotaja kitu, lakini sawa, dawa, tumeelewa. "Mbali" ni kiasi gani? Mita mbili? Chumba cha pili? "Watoto" wa umri gani? Yule wa miezi minane anayetambaa na yule wa miaka minne anayeburuta stuli hadi kabatini ni viumbe wawili tofauti kabisa kwa habari ya hatari. Na hiyo "na", ukiwa mkorofi kidogo, inakuruhusu kusoma kwamba dawa na watoto vyote vipelekwe mbali. (Najua mama mwenye mapacha ambaye angetii bila ubishi.)

Kibaya zaidi ni kilichodondoka njiani wakati wa kutafsiri. Sentensi ya Kiingereza iliyozaa hii yetu inazungumzia mkono: dawa ikae pale ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mkono unapimika. Unaweza kumsimamisha mtoto ukutani, ukamwambia anyooshe, ukaweka alama. Kiswahili kikauacha mkono kikachukua umbali. Sasa chupa iliyo mezani upande wa pili wa chumba iko "mbali" kabisa, ila mtoto wa miaka miwili ana miguu. Kuna boksi chache zinazoandika "weka mahali watoto wasipofikia", na walioandika hivyo nawapa maksi zao, ingawa tatizo lenyewe halijaisha hapo.

Maana hata ukiitafsiri vizuri, sentensi inadhani una nyumba fulani: ya vyumba kadhaa, yenye kabati la dawa ukutani, lenye kufuli ikiwezekana. Chukua chumba kimoja cha kupanga Manzese au Mathare, watu watano ndani, pazia linagawa kitanda na jiko. "Mbali" iko wapi hapo? Juu ya kabati la nguo, ambako pia kuna ndoo, na ndoo hiyohiyo ikigeuzwa ni ngazi. Chini ya godoro. Kwenye mkoba wa bibi, ule unaokaa sakafuni na ambao kila mjukuu anajua una pipi.

Halafu kuna jambo ambalo kila aliyewahi kuuguza mtoto analijua. Dawa inayotumika haikai mbali. Mtoto ana homa, unampa kila baada ya saa sita, saa nane za usiku unapapasa gizani kuitafuta chupa. Utaiweka pembeni ya kitanda. Nani asingefanya hivyo? Kwa hiyo siku ambazo dawa iko karibu zaidi na watoto ni zile ambazo kuna mgonjwa, mama amechoka, na mdogo wake mgonjwa anazunguka mwenyewe bila mtu wa kumwangalia. Onyo limeandikwa kwa ajili ya siku ambayo dawa haihitajiki.

Mtu aliyelielewa hili mapema alikuwa daktari wa watoto, Henri Breault, wa mji wa Windsor, Ontario, kule Kanada. Alisimamia kituo cha sumu cha hospitali moja mjini pale, na miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakipokea watoto kwa mamia kila mwaka, wengi wamekunywa vitu vya kawaida tu vya nyumbani, aspirini ikiwemo. Alijaribu kuelimisha wazazi. Watoto wakaendelea kuja. Ndipo akageukia chupa: akawatafuta mafundi, na mwaka 1967 kikatoka kifuniko ambacho lazima ukikandamize kwa kiganja ndipo kizunguke. Katika eneo lake visa vya watoto kujilisha sumu vilishuka kwa asilimia 91. Wazazi walikuwa walewale na nyumba zilezile. Kilichobadilika ni plastiki.

Marekani ilitunga sheria ya vifungashio mwaka 1970, na hapa kuna kitu ninachokipenda kwelikweli kama mtu wa maabara. Kifuniko hakiitwi salama kwa sababu kiwanda kimesema. Kinapimwa na watoto wenyewe. Wanachukuliwa watoto wa miezi 42 hadi 51, hadi 200 kwa jaribio zima, wanakalishwa wawiliwawili na kupewa chupa tupu: haya, fungueni. Dakika 5. Wakishindwa, mtu mzima anawaonyesha jinsi ya kufungua, tena anawaambia wanaruhusiwa kutumia meno, wanapewa dakika 5 nyingine. Angalau asilimia 80 washindwe, la sivyo kifuniko kimefeli. Kisha kinapelekwa kwa watu wa miaka 50 hadi 70, na hao sharti wengi wao wakifungue na kukifunga bila shida. Ukitazama takwimu za vifo vya watoto wa Marekani waliomeza dawa za daktari kati ya 1974 na 1992, vilikuwa pungufu kwa asilimia 45 kuliko vilivyotarajiwa bila vifuniko hivyo.

Sasa linganisha. Kifuniko kinatafunwa na watoto 200 kabla ya kuruhusiwa dukani. Ile sentensi yetu ya maneno manne ilijaribiwa kwa nani? Nani alikaa na mama kumi, akawapa chupa, kisha akaenda kuangalia wameiweka wapi? Onyo ndiyo sehemu pekee ya dawa ambayo hatuidai ushahidi kwamba inafanya kazi.

Maonyo yaliyowahi kupimwa hayakutoka na matokeo ya kujivunia. Mwaka 1971 hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilibuni kibandiko chenye sura ya kijani iliyokunja uso na kutoa ulimi, kwa jina Mr. Yuk, kibandikwe kwenye chupa za hatari ili mtoto aogope. Wazo zuri, na picha inamfikia asiyejua kusoma. Lakini majaribio ya miaka ya 1980, New Zealand na Marekani kwenyewe, hayakuona visa vikipungua, na kulikuwa na watoto waliovutiwa zaidi na chupa zenye kibandiko. Ukifikiria, si ajabu. Sura ya kijani inayotoa ulimi ni katuni, na katuni inaita mtoto.

Kuna wanaosema mambo ya vifuniko ni ya matajiri, huku kwetu hayawezekani. Jibu lao lipo Afrika Kusini, mapema miaka ya 1990, katika wilaya ya Gelukspan. Watafiti waligawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vigumu kwa mtoto, maelfu kwa maelfu, kwenye familia za kawaida kabisa ambazo zilikuwa zikitunza mafuta kwenye chupa za soda kama tunavyofanya sisi. Visa vya watoto kunywa mafuta ya taa vilipungua kwa karibu nusu katika eneo hilo. Na msidhani mafuta ya taa yako nje ya mada yangu ya dawa. Kuna nyumba hadi leo yanapakwa kichwani kuua chawa na kumwagiwa kwenye kidonda.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa vidonge vya madini ya chuma, vile vyekundu vya kuongeza damu. Kliniki anapewa mjamzito, na dukani vinauzwa bila cheti. Kidonge cha kawaida kina miligramu 60 hivi za chuma chenyewe. Mtoto wa kilo 10 akimeza kumi, amefika miligramu 60 kwa kila kilo, na hapo tunazungumzia kutapika damu, mshtuko wa mwili na ini kuharibika. Ni vyekundu, vinang'aa, vya duara. Jamani, hata mimi mtu mzima navitazama naona pipi. Na nani hasa ana vidonge hivi nyumbani? Mjamzito, ambaye mara nyingi ana mwingine wa miaka miwili au mitatu anayemshika sketi. Dawa imepelekwa moja kwa moja kwenye nyumba yenye mtoto wa umri wa hatari zaidi, mara nyingine ikiwa imemiminwa kwenye kifuko laini cha plastiki au kipande cha karatasi kilichokunjwa. Marekani walipoamuru mwaka 1997 kwamba vidonge vya chuma vyenye nguvu hiyo vifungwe kimojakimoja, kila kimoja na karatasi yake ya kubanduliwa, vifo vya watoto wadogo vilivyoripotiwa kwenye vituo vya sumu vilishuka kutoka 29 katika miaka kumi iliyotangulia hadi 1 katika miaka mitano iliyofuata. Mtoto akibandua viwili vitatu anachoka, au anakutwa. Kwenye kifuko cha plastiki anajaza kiganja mara moja.

Ukubwa wa chupa nao ni usalama, ingawa hausemwi. Parasetamoli ya maji ya watoto kwa kawaida ina miligramu 120 kwenye mililita 5. Chupa ya mililita 60 ina miligramu 1,440 jumla. Mtoto wa kilo 10 akiigugumia yote amepata kama 144 kwa kilo, na madaktari huanza kuhofia ini kwenye 150 hadi 200. Yaani chupa ndogo ya dawa nyepesi inakaribia mstari lakini haiuvuki sana. Sasa chukua ile nzito, miligramu 250 kwa mililita 5, kwenye chupa ya mililita 100. Ni 5,000. Kwa mtoto yuleyule, 500 kwa kilo. Chupa zote mbili zimeandikwa sentensi ileile, herufi ukubwa uleule. Mwandishi wa onyo hajali tofauti hiyo, msomaji ataijuaje? Na zote mbili zinanukia stroberi, halafu sisi wenyewe tunamwambia mtoto "kunywa, tamu kama juisi". Ametusikia, ameamini.

Hadi hapa nimesema dawa za duka. Kuna kundi jingine ambalo sentensi yetu hata haijaandikwa, au imeandikwa pembeni ya maneno makubwa zaidi: "asili", "haina kemikali", "haina madhara". Hapa uhakiki wangu unakuwa mkali, kwa sababu hapa maandishi yanatenda kosa badala ya kukaa kimya tu.

Mafuta ya karafuu, kwa mfano. Ni fahari yetu; kiwanda cha makonyo kule Wawi, Pemba, kinayakamua, na kila mtu wa pwani ameshawekewa pamba yenye tone moja kwenye jino. Tone moja. Lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, na eujenoli nyingi ikifika kwenye ini inafanya mambo yanayofanana sana na parasetamoli iliyozidi. Ini linapoivunja kemikali hiyo hutokea mabaki makali, na mabaki hayo huzimwa na akiba iitwayo glutathioni. Akiba ikiisha, mabaki yanaanza kula chembe za ini lenyewe. Kuna mtoto wa miaka miwili, kisa chake kilichapishwa Uingereza mwaka 1993, alikunywa kati ya mililita 5 na 10: akapoteza fahamu, akapata degedege, ini likaharibika. Alipona, hospitalini. Mti ni wa asili, mafuta ni ya asili, na sumu ni ya asili vilevile.

Au kafuri, ile ambayo wengine mnaijua kama karafuu maiti. Inapatikana kwenye dawa nyingi za kupaka kifuani na za kuchua. Gramu moja imewahi kuua mtoto mdogo. Mafuta ya kafuri ya asilimia 20 yana gramu hiyo ndani ya kijiko kimoja cha chai, na Marekani waliyaondoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaweka kikomo cha asilimia 11 kwa bidhaa za kupaka. Sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wanayachanganya na mafuta ya nyonyo, wanampa mtoto kijiko wakidhani ya kuharisha. Kafuri hupanda kichwani haraka. Mtoto anaweza kuanza kukakamaa ndani ya dakika chache bila dalili yoyote ya awali.

Simama hapo kidogo. Mtoto anakakamaa ghafla, macho yamegeuka juu. Kwetu hiyo ina jina tayari: degedege. Na jina lina matibabu yake. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulionyesha familia nyingi zikianzia kwa mganga. Hakuna atakayetafuta kikopo chini ya kitanda. Inawezekana hata akachuliwa kwa dawa ileile, na kafuri inapita kwenye ngozi. Sumu iliyovaa jina la ugonjwa mwingine haihesabiwi popote, na isiyohesabiwa haipati bajeti wala sheria.

Mafuta ya mkaratusi yana hadithi inayokaribiana, siirudii.

Mwaka 2022, dawa za kikohozi zilizochafuliwa na viyeyusho vya viwandani zilipoua makumi ya watoto Gambia, dunia ilipiga kelele, na ilistahili. Palikuwa na kiwanda cha kunyooshea kidole. Mtoto anapokunywa dawa safi isiyo na kasoro yoyote, kidole kinamrudia mama. "Hukuona imeandikwa?" Na hapo, nadhani, ndipo sentensi ya maneno manne inapofanya kazi yake ya kweli. Haimlindi mtoto. Inamlinda aliyeichapisha. Ni risiti kwamba jukumu limeshakabidhiwa, na aliyekabidhiwa hakuulizwa kama ana kabati.

Kuna neno jingine kwenye lebo ambalo lingestahili makala yake: kijiko. "Mpe kijiko kimoja mara tatu, mama," anasema muuza dawa, na mama anaitikia. Kijiko kipi? Watafiti wa Ugiriki walikusanya vijiko vya chai kutoka nyumba 25 za Attica wakavipima: kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5, kikubwa 7.3. Karibu mara tatu, na hivyo ni vya chai tu, hatujagusa vya chakula. Sindano ya plastiki isiyo na ncha, yenye mistari, ingemaliza ubishi huu, na boksi nyingine zinakuja na kikombe cha kupimia ambacho kinapotea siku ya pili. Mtoto anayezidishiwa kidogokidogo kwa siku nne naye ni mtoto aliyekula sumu. Tofauti yake ni kwamba mkono uliompa ulikuwa na upendo.

Na kisha ukimya mkubwa kuliko wote: lebo inakoma kabla ya ajali. Mtoto ameshakunywa, nifanye nini? Hakuna neno. Kwa hiyo mtaa unajaza nafasi: mpe maziwa, mpe mafuta ya kula, mtie kidole atapike. Kwa mafuta ya taa kumtapisha ni kumwongezea hatari, kwa sababu yakirudi juu yanaingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoua. Kwa kafuri, anaweza kukakamaa katikati ya kutapika. Kwa parasetamoli mtego ni wa aina nyingine: siku ya kwanza mtoto anaonekana mzima, anacheza, mnashukuru Mungu, kumbe ini linaanza kuharibika, na dawa ya kulikinga, asetilisisteini, hufanya vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Najua pingamizi. Vifuniko hivyo vina gharama. Kweli, lakini dawa nyingi tunazonunua zinatoka kwenye nchi ambazo viwanda vyake tayari vinatengeneza vifuniko hivyo kwa masoko mengine. Ni suala la mnunuzi kuvidai, na mnunuzi mkubwa kwetu ni serikali na bohari zake, pamoja na mamlaka kama TMDA zinazosajili dawa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bibi mwenye vidole vya baridi yabisi atashindwa kufungua, ataacha kifuniko wazi au atahamishia vidonge kwenye kikopo cha mafuta ya mgando. Hilo hutokea hata huko kwenye sheria. Ndiyo maana vidonge vya chuma nataka vifungwe kimojakimoja, na chupa za maji ziwe ndogo, kuliko kutegemea kifuniko pekee.

Mpaka hayo yafike, kibandiko tunacho, na wino upo. Nina hapa chupa ya mafuta ya kuchua yenye metili salisileti, ile ya harufu kali ya mashabiki wa mpira. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya aina hiyo, yasiyochanganywa, kina salisileti sawa na zaidi ya vidonge 20 vya aspirini ya watu wazima. Lebo ya chupa hii inaniambia niweke mbali na watoto. Nimejaribu kuandika upya kwenye nafasi hiyohiyo, sentimita mbili kwa nne: "Kijiko kimoja kinaweza kuua mtoto. Akinywa usimtapishe. Mpeleke hospitali sasa hivi na chupa hii, hata kama anacheza." Imeingia, kwa herufi za kusomeka bila miwani. Ilibidi nifute picha ya mcheza mpira.